Arusha na mpango wa maafa: kuandika upya, au kuzibua mitaro kwanza?

Mwezi wa nne Arusha ina tabia inayowakuta wageni bila habari. Unaweza kuwa umesimama Kwa Mrombo, juu kweupe, nguo zinakauka kambani, halafu ukasikia kishindo kutoka kwenye korongo ambalo juzi vijana walikuwa wanachota mchanga. Maji hayo hayakunyesha hapo ulipo. Yamenyesha juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na sasa yanashuka na kila yalichokikuta njiani: mawe, magogo, takataka za sokoni, wakati mwingine mbuzi wa mtu.

Kilele cha Meru kiko zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari. Katikati ya jiji ni kama mita 1,400. Kati ya hapo na hapo, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 15 tu. Kwa hiyo maji yanaporomoka zaidi ya mita 3,000 katika umbali ambao bodaboda anautoza nauli ya kawaida, tena juu ya udongo wa majivu ya volkano unaomeguka kirahisi. Mtu akikueleza kwamba mafuriko ya Arusha ni suala la mitaro kuziba, amekueleza nusu ya habari.

Asubuhi ya Ijumaa, Aprili 12, 2024, gari la wanafunzi lilijaribu kuvuka korongo lililojaa maji hapa jijini, likasombwa. Watoto waliokuwa wanakwenda shule walikufa. Wiki mbili baadaye, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima. Na miezi minne kabla ya ajali ile, Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilikuwa vimewashukia watu wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoa wa Manyara, wakafa zaidi ya 80. Manyara ni mkoa wa jirani, na Hanang ni mlima wa volkano kama Meru.

Tangu masika ile, hoja moja inarudi kwenye vikao vya kata, kwenye mikutano ya mitaa, hata kwenye vijiwe vya kahawa: mipango yetu ya kupunguza hatari za maafa imepitwa na wakati, ihuishwe. Na kila inapotolewa, kuna mtu anasimama kusema hapana. Nimekaa kwenye mikutano hiyo kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba wanaosema hapana hawasikilizwi vizuri. Wanachukuliwa kuwa wabishi, au watu wenye nyumba mabondeni wanaotetea matofali yao. Nianze nao.

Hoja yao ya kwanza ni ya fedha. Kuhuisha mpango kuna gharama: mshauri elekezi, vikao vya wadau, semina, safari, uchapishaji. Kwa fedha hiyo hiyo unaweza kuweka makalavati kwenye vivuko ambavyo kila mtu anavijua kwa jina. Mama anayeuza mbogamboga karibu na kivuko hahitaji ramani ya rangi tatu kujua maji yanapita wapi. Amehamisha meza yake mara nyingi. Anachotaka ni mtaro uzibuliwe kabla ya mwezi wa tatu. Ukimwambia asubiri mpango uhuishwe, kisha upelekwe kwenye Baraza la Madiwani, kisha uingizwe kwenye bajeti, unamwambia apitishe masika nyingine kama ile.

Hoja ya pili ni ya hofu, na hofu hiyo ina sababu. Watu wanaijua ramani ya hatari kama mwanzo wa alama ya X, ile inayopakwa kwenye nyumba za kubomolewa. Wameona ya Dar es Salaam. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na mji, mbali na vibarua vyao. Wengine walikaa. Wengine walirudi bondeni, kwa sababu ardhi salama isiyo na kazi, wala shule ya karibu, wala nauli ya kwenda mjini, haimlishi mtu. Desemba 2015 na Januari 2016 yakaja matingatinga. Ni miaka baadaye, mradi wa Bonde la Msimbazi ulipoanza, ndipo watu wa pale walipoona fidia. Mkazi wa Arusha anayefuatilia habari amejifunza kitu kutokana na mtiririko huo: kwanza ramani, kisha rangi, kisha tingatinga, na fidia mwishoni, kama ipo.

Kuna hoja ya tatu ambayo naiona nzito kuliko zote, na bado sijasikia jibu lake kamili. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, kupitia LUKU. Mwenye nyumba ukingoni mwa korongo anakatwa kila mwezi sawa na mwenye nyumba kwenye mlima salama. Ana mita ya umeme. Ana bomba la maji. Ana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtaa, na pengine jirani yake ameshapata hati kupitia urasimishaji wa makazi. Kisha anaambiwa yupo hapo kinyume cha sheria. Anauliza: mlionipimia, mkaniunganishia umeme na mkanitoza kodi, hamkuliona korongo? Hakuna mpango wa maafa utakaokubalika hapa bila kumjibu mtu huyu kwa heshima.

Sasa upande wa pili.

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Jiji la Arusha na watu 416,442. Ya mwaka 2022 iliwakuta 617,631. Ni ongezeko la watu zaidi ya 200,000 katika miaka kumi, karibu nusu ya wote waliokuwapo mwanzo. Hawakwenda kukaa hewani. Mashamba ya mahindi na migomba ya Muriet, Olasiti, Terrat, Moshono na Olmoti yamekatwa viwanja vya robo na nusu ya robo ekari, yakawa nyumba. Mpango Kabambe wa jiji, unaoishia mwaka 2035, ulichorwa kabla ya sehemu kubwa ya nyumba hizo kusimama. Mpango wowote wa maafa unaotegemea picha ya zamani unamlinda mtu ambaye hayupo tena na kumsahau aliyepo.

Na nyumba zimebadilisha maji yenyewe. Tufanye hesabu ya darasa la saba. Paa la bati la mita za mraba 100 likinyeshewa mvua ya milimita 50, linamwaga lita 5,000. Mtaa wenye nyumba 200 za namna hiyo unamwaga lita milioni moja, kwa mvua moja, kutoka kwenye mapaa peke yake; bado lami, bado ua uliowekwa pevingi. Ardhi ile ile ilipokuwa shamba la migomba, sehemu kubwa ya maji hayo ingezama. Sasa yote yanatafuta njia kwa wakati mmoja, na njia ni korongo lile lile lililokuwepo tangu babu zetu, isipokuwa limebanwa na kuta za watu pande zote mbili.

Hapa ndipo hoja ya kuzibua mitaro kwanza inapoanza kunisumbua. Mtaro wa zege hauondoi maji, unayaharakisha. Ukiujenga vizuri Sakina, watu wa Sakina watalala usingizi, na maji yaliyokuwa yanachelewa kwenye madimbwi yao yatafika chini yote kwa pamoja. Kila barabara nzuri ya lami yenye mitaro pande mbili ni mfereji unaopeleka maji kwa jirani wa chini haraka kuliko zamani. Nimeona watu wakishangilia mtaro mpya wa mtaa wao, na masika iliyofuata mtaa wa chini ukaingiwa na maji ambayo haukuyajua miaka yote. Hakuna aliyekosea kazi yake pale. Fundi alijenga alichoambiwa, na mhandisi alipima barabara aliyopewa. Kilichokosekana ni mtu wa kuliangalia korongo zima, tangu linapoanzia hadi linapomwagikia. Huyo hapatikani bila mpango.

Wazee wetu walikuwa na ramani, na waliiweka kwenye majina. Ngarenaro ni maji meusi kwa Kimaasai, Ngarenanyuki ni maji mekundu. Maji ya Chai haihitaji tafsiri. Aliyepaita mahali kwa jina la maji alikuwa anamwambia anayekuja nyuma yake jambo la kuangalia kabla hajaweka msingi. Mifereji ya asili ya Wameru na Waarusha nayo ilikuwa na wenyewe, watu waliokuwa na siku yao ya kuisafisha na adhabu kwa asiyetokea. Mingi imefukiwa viwanja vilipouzwa, lakini maji hayakupewa taarifa, na baadhi ya nyumba zinazoingiwa na maji leo zimekaa juu ya mfereji uliosahaulika. Anayehuisha mpango na asikae na wazee wa Ilboru na Moshono atachora mji nusu.

Kwa hiyo naunga mkono mpango uhuishwe. Lakini siungi mkono uhuishwe kama ilivyozoeleka, yaani jiji kukaa peke yake na kuandika la kwake. Korongo halijui mpaka wa halmashauri.

Angalia njia ya maji. Msitu wa juu uko chini ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na sehemu nyingine ni shamba la miti la serikali. Ukishuka unaingia Ilboru na Kiranyi, ambako ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, iliyo ndani ya wilaya ya Arumeru. Ukishuka tena unaingia Jiji, ambalo ni wilaya nyingine. Kisha maji ya Themi yanatoka jijini, yanajiunga na Kikuletwa na kuishia Bwawa la Nyumba ya Mungu. Jiji linaweza kuandika mpango mzuri kuliko wote Afrika Mashariki, na kibali cha kujenga kikatolewa juu yake, kwenye halmashauri nyingine, na maji yakaja vilevile.

Halafu tazama wenye mamlaka. Barabara nyingi za mitaa, pamoja na mitaro na makalavati yake, tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Barabara kuu ni za TANROADS. Mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Mazingira yako chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Viwanja ni idara ya ardhi. Takataka zinazoziba kalavati ni za halmashauri. Mwananchi anayeona kalavati limeziba Jumanne jioni, na wingu limekaa Meru, anampigia nani? Mwenyekiti wa mtaa. Na mwenyekiti wa mtaa hana bajeti hata ya sururu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Kwa jiografia yetu, ngazi ambayo Arumeru na Jiji wanakutana mezani ni mkoa. Hapo ndipo mpango unapopaswa kukaa. Usigawanywe kwa halmashauri, ugawanywe kwa mito na makorongo: mpango wa Themi, mpango wa Naura, mpango wa Burka, mpango wa makorongo ya kusini. Kila mmoja uanzie msituni. Kila kalavati na kila kivuko kiandikwe, na pembeni yake kiandikwe cheo cha anayekisafisha, anayekikarabati na anayekifunga. Tukipata orodha hiyo tu, bila ukurasa mwingine wowote, tutakuwa tumepata zaidi ya yale niliyowahi kuyaona yakizinduliwa kwenye ukumbi wenye mapambo.

Najua jibu litakalokuja: mkoa uko mbali na wananchi, na mpango wa mkoani utakuwa wa wataalamu. Ni hoja ya kweli. Tukipeleka kila kitu juu, yule mama wa mbogamboga anapotea kabisa. Tayari tuna utaratibu wa kupanga kuanzia chini, ule wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao mitaa na vijiji vinautumia kuibua miradi. Vivuko hatari viibuliwe huko huko, na mkutano mkuu wa mtaa uvitaje kwa majina yanayotumika kila siku. Mkoa ukusanye, uunganishe, na uhakikishe mtaro wa huyu haumwagi kwa yule. Kila ngazi ifanye ambalo nyingine haiwezi.

Tuje kwenye mita 60, maana ndipo mikutano inapovunjika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wanaotaka mpango mkali wanasema sheria ipo, itekelezwe. Wana haki kusema hivyo. Nyumba iliyo mita tano kutoka ukingo unaomeguka kila masika haifai kulala watoto, na mwenye kupima udongo hawezi kulibadilisha hilo kwa huruma. Lakini mita 60 kila upande ni mita 120. Mahali ambapo vijito viwili vimeachana mita 300, kama inavyotokea kwenye miteremko yetu, ukiitekeleza kama ilivyo unachukua sehemu mbili kwa tano za eneo lote lililo kati yake, kwa sababu kila kijito kinadai upande wake wa ndani pia. Utaondoa nyumba za Ngarenaro na Kaloleni, utaondoa shule, utaondoa misikiti na makanisa, utaondoa hata ofisi. Hakuna serikali itakayofanya hivyo, na kila mtu anajua. Matokeo yake sheria inabaki inaning'inia, inawashukia wachache siku moja moja, na mara nyingi wanaoangukiwa ni wasio na mtu wa kumpigia simu.

Na korongo linalokauka miezi kumi kwa mwaka, ni mto au si mto? Mwenye kiwanja atakuambia si mto, ameliona kavu tangu alipohamia. Maji yatakuambia ni mto. Mpango uliohuishwa ujibu swali hilo kwa kila korongo, kwa jina lake. Pengine moja litahitaji mita 60 kamili kwa sababu kingo zake ni majivu matupu. Pengine jingine, lililopita kwenye mwamba, litahitaji mita 20 na ukuta wa mawe ya waya. Mita 60 zilizotekelezwa kwa kubahatisha hazimlindi mtu kama mita 25 zilizopimwa, zikawekewa vigingi na kila mtu akazijua kabla hajanunua. Kwa nyumba mpya, msimamo wangu ni mkali: hakuna kibali, hakuna umeme, hakuna mhuri wa mtaa ndani ya vigingi hivyo. Mhuri wa mtaa ndio unaouza viwanja vya makorongoni, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa waliopo tayari, siwezi kuunga mkono ramani yoyote inayotangazwa bila jibu la wanakwenda wapi. Katesh serikali na wadau walijenga zaidi ya nyumba 100 kwa ajili ya waathirika. Jambo jema, na linaonyesha kwamba fedha hupatikana. Lakini zilipatikana baada ya mazishi. Kuhamisha kaya zilizo kwenye ukingo mbaya kabisa wa korongo moja, kwa mpangilio, mwaka mmoja hadi mwingine, kwenda kiwanja kilichopimwa ndani ya kata ile ile au ya jirani ili mtoto asibadilishe shule na baba asipoteze kijiwe chake, ni gharama ndogo kuliko kuwajengea wote upya baada ya usiku mmoja mbaya. Jiji bado lina ardhi pembezoni. Kila mwaka tunaochelewa, ardhi hiyo inapanda bei, hasa huku uwanja wa AFCON 2027 ukiwa Olmoti na madalali wakiwa hawalali.

Kuna suala la vijana wa mchanga. Wanaotaka kuwafukuza wanasema uchimbaji unapanua korongo na kuangusha kingo, na ndivyo ilivyo wanapochimba pembeni, chini ya mizizi. Wanaowatetea wanasema mchanga unaoletwa na mafuriko usipotolewa, unajaza mkondo na maji yanapanda juu, na hilo nalo ni kweli. Wapewe sehemu za kuchimba katikati ya mkondo, kwa msimu, kwa kibali cha bei nafuu, na wao wawe walinzi wa kingo. Wanaijua tabia ya korongo kuliko afisa yeyote.

Vipi kuhusu hatari nyingine? Kuna wanaotaka mpango mpya ubebe yote: volkano, tetemeko, ukame, moto wa msitu, hata madini ya floridi kwenye maji ya upande wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai, ambayo yamewapaka watu meno rangi ya kahawia na kuwapinda watoto miguu kwa vizazi. Floridi inatoka kwenye miamba ile ile ya volkano, kwa hiyo ni hatari ya asili kweli, lakini tiba yake ni chanzo kingine cha maji au kuchuja, na mamlaka za maji zinaweza kuifanya bila kusubiri kamati ya maafa. Ukame ni mzito zaidi Longido na Monduli kuliko hapa mjini. Sioni sababu ya kuujaza mpango mmoja mpaka usibebeke.

Tetemeko silitoi, hata hivyo. Julai 17, 2007, ardhi ilitikisika karibu na Ziwa Natron kwa kipimo cha 5.9, na wiki chache baadaye mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ukalipuka na kumwaga majivu hadi mwaka 2008. Arusha tulitikiswa, watu wakatoka nje ya majengo, kisha tukasahau kwa sababu kitovu kilikuwa kwenye nyika. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa huo huo lilipiga Kagera, ambako watu wanaishi kwa wingi, na likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Tangu 2007 Arusha imejenga maghorofa mengi. Meru yenyewe ilipumua mara ya mwisho mwaka 1910, na ukuta wake wa mashariki, ule mnaouona ukiwa umefunguka upande wa Momella, uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita kwa ukubwa ambao mji wowote usingebaki. Hilo la mwisho hatuwezi kulizuia. La nguzo zilizokosa nondo za kutosha tunaweza, na linahitaji mkaguzi wa majengo anayepanda ngazi, basi.

Nirudi kwenye fedha, kwa sababu wasemao hapana wameishika sehemu ya kweli. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Masika inaanza Machi. Yaani mvua kubwa inakuja wakati mwaka wa fedha unazeeka, mafungu mengine yameisha, mengine hayajatoka. Vuli inakuja Oktoba, robo ya pili ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mipango mingi inaandika kusafisha mitaro kama shughuli ya mwaka mzima, na shughuli ya mwaka mzima ni ya mtu yeyote, siku yoyote. Mpango uandike Februari na Septemba. Fungu lake litengwe lisiguswe, kutoka mapato ya ndani, na TARURA iweke lake pembeni yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli. Utabiri ukisema mvua juu ya wastani, fungu hilo liongezwe kwa kanuni iliyoandikwa tayari, bila kusubiri kikao cha dharura.

Na hili halihitaji kusubiri mpango wowote, na hapa nakubaliana na wasemao hapana kwa asilimia mia: vivuko. Kila daraja mfuto, yaani lile ambalo maji hupita juu yake, linalotumiwa na magari ya shule lifungwe maji yanapofika alama fulani, na alama hiyo ipakwe rangi kwenye nguzo ambayo dereva anaiona hata gizani. Mwenyekiti wa mtaa wa juu, kule Ilboru au Kiranyi, awe na namba za simu za wenyeviti wa chini. Mvua ikiporomoka kwake usiku, apige. Maji yanachukua muda kushuka, na muda huo unatosha kabisa kuvuta mnyororo kuvuka barabara. Kila kivuko kiwe na watu wawili wanaolipwa posho miezi ya masika, mmoja kila ng'ambo, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla gari la kwanza la wanafunzi halijapita.